Safari ya Embe Kutoka Mtini Hadi Chupani

Usiku wa Januari, mtoto anayelala kwenye nyumba ya bati yenye mwembe ubavuni hapati usingizi mzito. Upepo wa kaskazi ukitikisa matawi kidogo tu, puu! Embe limegonga bati, limebiringika, limeangukia uani. Kimya. Puu! Jingine. Bibi anaguna kitandani, kuku wanalalamika bandani, na watoto wanahesabu kimoyomoyo, maana kukipambazuka ni mbio za ndoo na vikapu kuyawania yaliyoanguka.

Wajukuu zangu, walio Muheza, Pemba, Kilifi au Malindi wanazijua mbio hizo. Walio mijini kwenye ghorofa wanaujua msimu kwa dalili nyingine: mikokoteni imejaa maembe kila kona, na bei inashuka siku hadi siku mpaka muuzaji anakuongezea mawili kabla hujamwomba.

Wiki ya kwanza ni raha tupu. Tunakula maembe asubuhi, tunakula mchana, nyuzi zinanasa menoni na maji yake yanachirizika hadi kwenye viwiko. Wiki ya tatu tumekinai. Chini ya mwembe yametapakaa maembe yaliyopasuka, nzi wanavuma, harufu ya uchachu inafika barabarani, na hata mbuzi wanapita bila kugeuka. Halafu ikifika Mei, masika yamekolea na mwembe umebaki majani matupu, tunakwenda dukani kununua boksi la juisi ya embe iliyotoka ng'ambo. Jambo hili linaniuma sana, na ndilo lililonileta kwenu leo. Embe la Januari linaweza kufika Mei, hata Agosti, likiwa na rangi yake na ladha yake, bila friji na bila kiwanda. Linataka moto, ndimu, chupa safi na mtu mwenye subira.

Kinywaji chenyewe kinaitwa nekta. Chungwa ukilikamua linakupa maji yake, unayanywa pale pale, kwisha. Embe halikubali hivyo. Likamue utakavyo, litakupa rojo zito ambalo hata mrija hauwezi kulipandisha. Basi rojo hilo huzimuliwa kwa maji, likatiwa sukari kidogo na maji ya ndimu, na hapo ndipo tunapata nekta. Viwango vya kimataifa vya vyakula vinavyoitwa Codex Alimentarius vinataka nekta ya embe iwe na tunda lenyewe asilimia 25 au zaidi. Maana yake, katika glasi nne, walau moja iwe embe tupu. Nyumbani hatuna haja ya kubana kiasi hicho. Mimi natia sehemu moja ya rojo kwa sehemu mbili za maji, yaani theluthi nzima ni embe, na atakayeonja ataijua tofauti kabla hajameza.

Kabla hatujawasha jiko, tuwajue kwanza wanaoharibu maembe yetu.

Embe halianguki peke yake. Juu ya ganda lake, hata lile linalong'aa, wamo viumbe wadogo mno ambao jicho haliwaoni: hamira, ukungu na bakteria. Wanakaa hapo kama wageni wasioalikwa, wamekita mlangoni wakisubiri mwenye nyumba afungue. Ganda likiwa zima, hawaingii. Likipasuka, hata kwa mkwaruzo wa kucha, wanamiminika ndani na kuanza kula sukari. Hamira wakila sukari hutoa hewa na pombe. Ndiyo kazi ile ile wanayoifanya kwenye tembo la mnazi: likigemwa asubuhi ni tamu hata mtoto angelipenda, jioni limeanza kuchachuka, kesho yake ni kali la kupiga chafya. Embe lililopasuka chini ya mti linapita njia hiyo hiyo, na ile harufu inayofika barabarani ndiyo alama yake.

Wageni hawa, kwa wingi wao wote, wana vitu wasivyovipenda, na cha kwanza ni ukali.

Hilo watu wa pwani yetu walilitumia tangu zamani. Mwaka 1331, msafiri mmoja mzaliwa wa Tangier nchini Morocco, Ibn Battuta, alitia nanga Mogadishu kabla ya kuendelea kusini hadi Mombasa na Kilwa. Alikuwa mtu wa kuangalia sahani kwa makini, na aliandika alichopewa kula. Kulikuwa na wali wenye samli na vitoweo vyake, na pembeni maziwa mgando, ndimu zilizohifadhiwa, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza kwamba embe likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, lakini likiwa bado changa ni kali kama limau, na watu wa huko huyatia kwenye siki wakayaweka. Fikirini hilo kidogo. Karibu miaka 700 iliyopita, katika mwambao huu huu, mama fulani alikata maembe mabichi akayatia kwenye siki ili msimu ukiisha yabaki. Achari ya embe tunayolia wali leo ni kazi ya mikono ileile.

Siri ya achari ni kwamba viumbe wengi waharibifu hawawezi kuzaana mahali penye ukali. Wanasayansi hupima ukali kwa kipimo kinachoitwa pH, na kipimo hicho huenda kinyume na mnavyotarajia: namba ikiwa ndogo, ukali ni mkubwa. Maji safi ni 7. Maji ya ndimu ni karibu 2. Kuna bakteria mmoja wa kuogopwa kuliko wote, Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake hustahimili hata maji yanayochemka, na akifungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa anaweza kutengeneza sumu ya kuua. Lakini huyo naye hawezi kukua penye pH ya chini ya 4.6. Sasa sikilizeni vizuri. Embe bichi liko chini kabisa ya namba hiyo, ila kadiri linavyoiva ukali wake unapungua, na embe lililoiva sana, lile tamu kuliko yote, linaweza kuikaribia au hata kuivuka. Kwa hiyo ndimu ndani ya nekta haiwekwi kwa ajili ya ladha tu. Ni mlinzi. Atakayewaambia embe lake ni tamu halihitaji ndimu, mwitikieni kwa adabu, kisha mtie ndimu.

Kitu cha pili wasichokipenda ni joto, na hapa itabidi tusafiri hadi Ufaransa.

Mwishoni mwa miaka ya 1700, huko Ufaransa, aliishi mtengenezaji wa peremende na vitamutamu aitwaye Nicolas Appert. Zama hizo vyakula vilihifadhiwa kwa chumvi, kwa moshi, kwa sukari nyingi au kwa kuanikwa juani. Appert alitaka mbaazi ibaki na ladha ya mbaazi na tunda libaki tunda. Akajaribu jambo rahisi: alitia chakula ndani ya chupa nene za kioo, zikiwemo za aina ya shampeni, akaziba kwa vizibo vya gome na kuvikaza kwa waya, kisha akazichemsha chupa zote ndani ya maji. Alirudia na kurudia kwa miaka mingi. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aichapishe njia yake watu wote waisome, naye akaichapisha kitabuni mwaka huo huo.

Kinachonivutia kwa Appert ni kwamba hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Hakuna aliyejua. Wengi walidhani hewa ndiyo inayoozesha. Appert alifariki mwaka 1841, na ilikuwa hadi miaka ya 1860 ndipo Mfaransa mwingine, Louis Pasteur, alipothibitisha kwamba waharibifu ni viumbe hai wadogo, kwamba joto linawaua, na kwamba chombo kikizibwa vizuri wengine hawawezi kuingia. Jina la Pasteur ndilo mnalolisoma kwenye pakiti za maziwa yaliyopashwa joto ili yasiharibike haraka. Lakini aliyemtangulia kufanya hivyo kwa chupa na sufuria, kwa kujaribu tu na kuangalia, ni yule mtengeneza peremende.

Haya, twendeni mtini.

Maembe ya nekta yachumwe, msingoje yaanguke. Lililoanguka mara nyingi limepasuka, na mmeshajua nani anaingia kwenye ufa. Litazameni embe kwenye mabega, pale linapoungana na kikonyo. Likiwa bado changa mabega yameteremka. Likikomaa yanajaa na kupanda juu, kikonyo kinaonekana kimezama shimoni. Embe lililofika hapo, hata likiwa gumu na la kijani, litaiva vizuri nyumbani. Liwekeni kwenye kikapu pamoja na wenzake, mkivumbika kwa majani makavu au magazeti. Matunda yenyewe hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo ikinaswa hapo kikapuni huyaivisha yote. Wenye haraka hutia ndizi mbivu katikati.

Mkichuma, achieni kikonyo kirefu kiasi cha kidole gumba. Mkikikata karibu sana, utomvu unaruka, na utomvu wa embe si wa kuchezea. Unachoma ngozi, na ukifika mdomoni unaacha vidonda kwenye pembe za midomo ambavyo watoto wa pwani wote wanavijua kila msimu. Mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja, na mafuta ya ganda la korosho yanachoma kwa asili hiyo hiyo. Basi yakateni maembe, yalazeni vikonyo vikitazama chini juu ya majani, utomvu udondoke wenyewe. Kisha yaosheni.

Aina ipi? Kila mji una jibu lake na kila jibu lina wakereketwa. Pwani ya Kenya watawaambia ngowe, embe refu lenye mdomo uliojikunja nchani kama wa kasuku, rangi ya chungwa iliyokolea ndani, karibu halina nyuzi. Zanzibar watasema bolibo, na hawatakubali kubishaniwa. Mkiwa na yale madogo ya kienyeji yenye nyuzi nyingi, msiyadharau hata kidogo. Harufu yake ni kali kuliko ya makubwa, na nyuzi zitabaki kwenye chujio. Mimi nikiweza huchanganya: makubwa kwa ajili ya unene, madogo kwa ajili ya harufu.

Kagueni kila moja. Mkiona tundu dogo kama limechomwa sindano, na doa jeusi pembeni yake, huyo ni nzi wa matunda. Kuna nzi mmoja aliyetoka Asia, akaonekana kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2003, kisha akaenea katika nchi nyingi za Afrika. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani, na ukilipasua embe unakuta funza wanarukaruka. Embe hilo lisiingie sufuriani, wala msilitupe chini ya mti, maana funza atashuka mchangani, atageuka nzi, na mwezi ujao watakuwa wengi zaidi. Lizikeni kwenye shimo la kina cha nusu mita mfukie vizuri. Hii ni kazi nzuri kwa mtoto mwenye jembe na nguvu za kuchezea.

Sasa jikoni. Hapa awepo mtu mzima, mama, baba, shangazi au kaka mkubwa, kwa sababu rojo la embe linalochemka ni zito na linaruka, na likidondokea mkono halitiririki kama maji. Linaganda hapo hapo na kuendelea kuunguza. Watoto mtaosha, mtamenya, mtapima, mtachuja na mtaandika. Moto na chupa za moto ni vya wakubwa.

Chukueni maembe mabivu kilo 2. Yakishamenywa na kokwa kutolewa, yatawapa rojo kama lita 1. Kwa rojo hilo mtahitaji maji safi lita 2, sukari robo kilo, na maji ya ndimu vijiko vikubwa 6. Mtapata lita 3 na kitu, yaani chupa sita za nusu lita. Sukari mnaweza kupunguza kama maembe yenu ni matamu sana. Ndimu msipunguze.

Anzeni na chupa, si maembe. Ziwe za kioo. Za plastiki hulegea na kupinda zikikutana na joto hili. Zikagueni mdomoni kwa kupitisha kidole taratibu, yenye mkwaruzo au ufa iondoeni. Vifuniko viwe vizima, vyenye ule utepe laini ndani unaoziba, visiwe na kutu wala kupinda. Osheni vyote kwa sabuni na brashi, kisha chupa ziingie kwenye sufuria kubwa yenye kitambaa chini, maji ya uvuguvugu, na ndipo moto upandishwe polepole. Chupa baridi ikitumbukizwa kwenye maji ya moto hupasuka. Zikichemka dakika 10, ziacheni humo humo zikiwa za moto mpaka zitakapohitajika.

Kumenya ndiko kunakochukua muda, na ndiko ninakokupenda. Kata mashavu mawili ya embe kando ya kokwa, kisha vijisehemu viwili vyembamba vya pembeni. Kokwa linalobaki bado lina nyama nyingi, nalo kwa desturi ni la aliyemenya, alinyonye mpaka libaki na ndevu nyeupe. Nyama ikatwe vipande vidogo, itiwe kwenye sufuria ya chuma isiyoshika kutu. Sufuria za alumini tulizozizoea hazifai hapa, kwa sababu ukali wa embe na ndimu hula alumini na kuacha ladha ya bati ndani ya kinywaji.

Tieni nusu lita ya yale maji, bandikeni jikoni, moto wa wastani. Wengine husaga embe kwenye blenda kabla ya kulipika, halafu wanashangaa rojo likianza kuwa la kahawia pembezoni. Ndani ya embe kuna vimeng'enya, na vikikutana na hewa hubadilisha rangi, jambo lile lile linalotokea tufaha au parachichi likikatwa na kuachwa mezani. Joto huvizima. Ndiyo maana tunapasha kwanza, kisha tunachuja. Baada ya dakika kama 10 vipande vimelainika, vinabonyea chini ya mwiko, na rangi iliyokuwa imepauka imekolea ghafla, kama mtu ameongeza manjano. Harufu itajaza nyumba. Jirani atapiga hodi.

Epueni, ngojeni ipungue moto, kisha mimineni kwenye chujio juu ya beseni safi, msukume kwa mgongo wa mwiko. Kwa muda kidogo hakuna kinachoshuka. Halafu chini ya chujio linatokea tone, linanenepa, linaning'inia, linaanguka, na baada yake rojo linashuka mfululizo, laini, linang'aa. Msikimbilie kutupa kinachobaki juu. Kusanyeni, sukumeni tena, kwaruzeni na upande wa chini wa chujio, maana hapo hujificha rojo lingi. Mwishoni zinabaki nyuzi tupu, zilizosokotana, kavu. Hizo ndizo zilizokuwa zikituganda menoni.

Rudisheni rojo jikoni na maji yaliyobaki, sukari na ndimu. Koroga bila kuacha, mwiko ufike chini, kwa sababu sukari na rojo hushika haraka. Povu jeupe litapanda juu, litoeni kwa upawa. Kama kuna kipimajoto, tunataka nyuzi 90 za Selsiasi. Kama hakuna, angalieni: mvuke mwingi, viputo vidogo ukingoni, kisha cha kwanza kikubwa kinapasuka katikati. Msiache ichemke kwa muda mrefu. Kila dakika ya ziada inaondoa harufu, na vitamini C nayo hupungua kwa joto. Ile karotini inayolipa embe rangi ya manjano, ambayo miili yetu huigeuza vitamini A, huvumilia joto vizuri zaidi. Ndiyo maana nawaambia msimu ukiwepo kuleni embe lenyewe, bila kulipika, na nekta iwe ya siku zisizo na maembe.

Onjeni kwa kijiko kilichopoa. Utamu uje kwanza, kisha ukali wa ndimu uufuate nyuma na kuusafisha. Ukiona utamu umelala tu ulimini hauondoki, ongeza ndimu.

Sasa mkubwa atoe chupa moja moja, amwage maji yaliyomo, aijaze nekta ikiwa bado ya moto, moto kwa moto, kwa kutumia faneli. Aache nafasi ya kidole kimoja juu. Mdomo wa chupa ufutwe kwa kitambaa safi, kwa sababu tone moja la rojo chini ya kifuniko linatosha kuacha njia kwa wale wageni. Kifuniko kifungwe. Zikishajaa zote, zirudi kwenye sufuria kubwa, maji ya moto yazifunike na kupita juu ya vifuniko kwa vidole viwili, zichemke dakika 20 zikihesabiwa tangu maji yalipoanza kutokota. Hapa ndipo tunapofanya alichofanya Appert, hatua kwa hatua, ila sisi tunajua sababu.

Zikitolewa, ziwekwe juu ya mbao au taulo lililokunjwa, zisipate upepo. Sakafu ya saruji itazipasua. Kisha kaeni karibu, mtege sikio. Mvuke uliojaa ile nafasi ya kidole unapopoa hugeuka maji, nafasi inabaki tupu, na hewa ya nje inakisukuma kifuniko chini. Tik! Kifuniko kimejibonyeza. Baada ya muda, tik! Kingine. Watoto hupenda sana sehemu hii, na wana haki. Asubuhi bonyezeni kila kifuniko kwa kidole. Kilichoshuka na kutulia kimeshika. Kinachocheza juu chini hakikushika, na chupa hiyo inywewe kwanza, iwekwe kwenye friji, imalizike ndani ya siku tatu au nne.

Bandikeni karatasi kwenye kila chupa: tarehe na aina ya embe. Mkiandika "Januari" tu, mwakani hamtajua kama ile tamu sana ilikuwa ya bolibo au ya mwembe wa kwa mjomba. Ziwekeni kabatini, gizani, maana mwanga huchujua rangi. Baada ya siku chache mtaona rojo limekaa chini na maji yamepanda juu. Hilo si tatizo. Tikiseni kabla ya kumimina.

Tatizo ni hili: kifuniko kimevimba, au ukifungua inatoka hewa kwa kishindo, au kuna mapovu yanayopanda yenyewe, au ukungu, au harufu ya chachu. Chupa ya namna hiyo haionjwi. Si kwa ncha ya kidole, si kwa ulimi. Mwiteni mkubwa aimwage mbali. Najua inauma kumwaga kazi ya mikono yako, hata mimi inaniuma, lakini afya yenu ina thamani kuliko chupa mia.

Mkiizoea ya embe, mtatamani matunda mengine, na mengi yanakubali. Mapera hupikwa na kuchujwa kwa namna hii hii, ila mbegu zake ni ngumu na nyingi, kwa hiyo chujio liwe la matundu madogo. Pichi na plamu za Lushoto, kule milima ya Usambara, ambazo nazo huiva msimu huu wa joto, zina ukali wake mzuri. Pichi itumbukizwe kwenye maji ya moto nusu dakika, kisha ya baridi, na ganda litavuka lenyewe kama soksi. Plamu ipikwe na ganda lake, maana rangi yote nyekundu imo humo. Zote mbili nazitilia ndimu vile vile.

Papai ndilo la kuangalia. Ni tamu, ni laini, linasagika kwa uma, na kila mtoto aliyewahi kutengeneza nekta ya embe huja kuniuliza kwa nini tusilifanye hivyo hivyo. Ukali wake ni mdogo mno. pH yake hupita 5, mbali juu ya ile 4.6 tuliyoisema, na vijiko 6 vya ndimu havitoshi kuishusha kwa uhakika. Papai lisagwe, litiwe ndimu na barafu, linywewe siku hiyo hiyo.